Kila Kipimo na Saa Yake

Mtoto wa Chokocho, katika wilaya ya Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, akitakiwa kupimwa kichocho, huambiwa alete mkojo wa mchana, kati ya saa 4 na saa 8. Babu yake akitakiwa kutazamwa damu kwa ajili ya matende, huambiwa angoje usiku, kati ya saa 4 na saa 8. Asiyejua sababu aweza kudhani kwamba wapimaji wanasumbua watu bure. Sivyo. Wadudu wa maradhi wana saa zao, kama wavuvi walivyo na saa za maji kujaa na kupwa, na mpimaji hana budi kuzifuata.

Kichocho huletwa na minyoo midogo ikaayo katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Mnyoo jike hutaga mayai, nayo hupenya ukuta wa kibofu yakatoka pamoja na mkojo. Ndiyo sababu mgonjwa huona damu mwishoni mwa kukojoa. Mayai hayo hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri. Basi aletaye mkojo wa alfajiri aweza kuambiwa kwamba hana ugonjwa, kumbe anao, akarudi nyumbani bila dawa. Mkojo wa mwisho usimwagwe, maana huo ndio wenye mayai mengi. Wala mtoto asione haya kwa kuwa mkojo ni kidogo, akauongeza maji ya kijitoni. Mayai yakiingia katika maji matamu huanguliwa. Mpimaji huchuja mililita 10 tu, kisha huyahesabu mayai kwa hadubini.

Kati ya mwaka 2012 na mwaka 2017 ilifanywa kazi kubwa Unguja na Pemba ya kuupiga vita ugonjwa huu, kwa dawa, kwa kuwaua konokono wauenezao, na kwa kuwafundisha watu. Minyoo ikipungua, mayai nayo hupungua, na hapo kupima kwa saa yake huwa na maana zaidi.

Habari ya matende ni kinyume chake. Mwaka 1877 tabibu Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi Amoy, nchi ya China, aliona kwamba watoto wa minyoo ya matende hukua mwilini mwa mbu. Baadaye damu ya wagonjwa ilipotazamwa mchana na usiku, ikajulikana kwamba mchana wadudu hao hujificha katika mishipa ya mapafu, na usiku hutoka mpaka katika damu iliyo karibu na ngozi, saa ile ile mbu waumapo. Siku hizi kuna vipimo vya matende viwezavyo kufanywa hata mchana, lakini atakaye kuwaona wadudu wenyewe hungoja usiku. Zanzibar ilianza kuwagawia watu dawa za matende mwaka 2001.

Viko na vipimo vinavyotaka tumbo tupu. Bibi aendaye kupimwa kisukari cha kufunga hukaa bila kula kwa muda wa saa 8 au zaidi. Maji matupu aweza kunywa. Akinywa chai yenye sukari alfajiri, kisha akaficha, hamdanganyi mpimaji, bali anajidanganya mwenyewe. Sukari ya kikombe kile itaingia katika damu, naye ataandikiwa dawa asiyoihitaji. Afadhali aseme kweli, arudi siku nyingine.

Vivyo hivyo aliyekwisha kumeza dawa ya malaria nyumbani na aseme mapema. Dawa huwapunguza wadudu katika damu, hata mpimaji asiwaone ingawa homa ingalipo. Tena kila mtu na ataje jina lake, la baba na la babu, kwa maana majina hufanana, na chupa ya mmoja ikiandikwa jina la mwingine, mzima atapewa dawa na mgonjwa ataikosa.

Wako waogopao sindano kwa sababu ya hadithi za mumiani, ambazo zamani ziliwatia hofu watu wengi wa pwani hii. Walakini kipimo cha kidole hutaka matone machache tu, na sindano huwa mpya, nayo ikitumika mara moja hutupwa. Katika kisiwa hiki hiki, huko Wawi, Chake Chake, ilifunguliwa mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii iitwayo Ivo de Carneri, ambamo maradhi kama haya huchunguzwa. Asiyefahamu na aulize kabla ya kuchomwa: ni kipimo gani, cha nini, na majibu yatatoka lini. Kuuliza si ujinga.

Hadubini haioni ila kile kilichowekwa chini yake. Ajaye kwa saa yake, akasema kweli, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya tabibu. Mficha maradhi, kifo humfichua.

MASWALI
1. Kwa nini mkojo wa kupima kichocho huletwa karibu na adhuhuri?
2. Wadudu wa matende hukaa wapi mchana?
3. Bibi aliyekunywa chai yenye sukari afanye nini, na kwa sababu gani?