Mwenzako Akija na Habari Njema

Msiba tunaumudu. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, daftari la rambirambi linazunguka, na hata jirani mliyenuniana atakuja kukaa nawe. Lakini mtu akituletea jambo jema tunamwambia "hongera", kisha tunarudi kwenye simu zetu.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, Shelly Gable, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna watu wa karibu wanavyopokea habari njema za wenzao. Waliyagawa mapokezi hayo katika aina nne. Mchukue fundi cherehani anayeingia nyumbani jioni: "Baba watoto, ile tenda ya sare za shule nimepata!"

Mume anaweza kusema "safi", macho kwenye taarifa ya habari. Anaweza kuuliza kama amepitia mkate. Anaweza kusema, tena akiamini anatoa ushauri: "Sare mia mbili utaziwezea wapi? Na hawa watoto je?" Au anapunguza sauti ya televisheni: "Weee! Ilikuwaje? Mwalimu mkuu alisemaje alipouona mshono wako?"

Ni mapokezi ya aina hii ya mwisho tu yaliyoendana na uhusiano wenye ukaribu na kuridhika. Ile "safi" ya upole, isiyo na ubaya wowote, haikusaidia. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2006, Gable na wenzake waliona kwamba namna wapenzi walivyopokeana kwenye mema ilidokeza hali ya uhusiano wao miezi miwili baadaye zaidi kuliko namna walivyopokeana kwenye mabaya.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa hufanywa na lile swali. Ukimuuliza fundi ilikuwaje, atasimulia alivyokata kitambaa cha mfano, alivyopiga hesabu ya bei, alivyojikaza kubisha hodi ofisini. Akisimulia, anajisikia mwenyewe kwamba anaweza. Mume naye anagundua kwamba mwanamke aliyeishi naye miaka yote hii anajua kupatana bei, jambo ambalo yeye linamshinda. Sifa tupu hazifiki huko. "Wewe ni bingwa" ikishatamkwa, mazungumzo yamekwisha.

Mwanasaikolojia mwingine, Caryl Rusbult, na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba mtu husogelea vile anavyotamani kuwa pale mwenzi wake anapomtendea kama aliyekwisha kuanza kuwa hivyo. Anavyotamani yeye, lakini. Mume anayemshinikiza mkewe asomee ualimu, ilhali roho ya mke iko kwenye kiwanda kidogo cha nguo, anamsukuma tu, hata kama ada analipa yeye.

Wapo wanaoficha mema kwa kuogopa kijicho, na nje ya nyumba siwalaumu. Ila mkeo akimpigia shoga yake kwanza, wewe ukapata habari siku ya tatu, jiulize ulimpokeaje mara ya mwisho.

Na mashaka? Sare mia mbili kwa cherehani kimoja ni nyingi kweli. Yasubiri hadi asubuhi, mkae na daftari: tarehe ya kukabidhi, malipo ya awali, nani wa kusaidia. Kupachika vifungo si kazi ngumu. Hata baba watoto anaweza kufundishwa.