Mtandao wa Watu wa Kikazi: Kuujenga na Kuutunza

Maana

Mtandao wa kikazi ni watu wanaokufahamu, wanaokuamini na wanaoweza kukupa taarifa, ushauri au udhamini katika kazi na biashara. Namba nyingi kwenye simu si mtandao, ikiwa wenye namba hizo hawakukumbuki.

Mfano: kambamiti wa delta ya Rufiji

Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ina takribani hekta 53,000 za mikoko. Humo wavuvi huvua kambamiti, ambao huharibika haraka. Ili auze vizuri, mvuvi anahitaji mwenye barafu, mwenye boti ya kufika Nyamisati, mwenye gari la kutoka hapo hadi barabara kuu, na mnunuzi katika soko la Feri, Dar es Salaam. Hawezi kuanza kuwatafuta watu hao kambamiti wakiwa tayari kwenye tenga. Ni lazima awe amefahamiana nao mapema.

Sasa mtazame mvuvi aliyekopeshwa nyavu na tajiri mmoja. Mara nyingi hulazimika kumuuzia huyo huyo, kwa bei anayoipanga tajiri. Mvuvi huyu ana mtu, lakini hana mtandao.

Jambo hili si geni hapa. Zamani boriti za mikoko ya Rufiji zilipelekwa Uarabuni kwa majahazi, yaliyokuja kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Muuzaji na mnunuzi walikaa miezi bila kuonana. Biashara ya namna hiyo haiwezi kudumu bila uaminifu.

Namna ya kuujenga

Mtihani wako ni Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Itumie miezi hiyo hivi:

(a) Anza na wanaokujua: walimu, ndugu, majirani na waumini wenzako.

(b) Ongeza watu wa fani mbalimbali: afisa uvuvi, fundi boti, mtumishi wa halmashauri, mhitimu wa VETA. Ukipenda uvuvi, mtafute aliyesoma chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo.

(c) Uliza swali linalojibika. "Fani hii inahitaji ufaulu wa masomo gani?" ni bora kuliko "Nitafutie kazi."

(d) Andika daftarini jina, namba ya simu, kazi ya mtu huyo, siku mlipokutana na ahadi uliyompa.

Namna ya kuutunza

Toa mrejesho. Aliyekushauri kuomba chuo angependa kujua kama ulipata. Timiza ahadi ndogo, na uwahi ulipoitwa. Nawe una cha kutoa: unaweza kumwandikia mfanyabiashara hesabu zake au kumsaidia mzee kujaza fomu.

Omba ruhusa kabla ya kumwandika mtu kuwa mdhamini wako katika barua ya kuomba kazi. Mfano wa ujumbe:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni (jina lako), niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Naomba nafasi VETA, fani ya umeme. Naomba ruhusa yako nikuandike kuwa mdhamini wangu. Nitakujulisha matokeo ya maombi. Ahsante."

Makosa ya kuepuka

1. Kumkumbuka mtu siku ya shida tu.
2. Kumtegemea mtu mmoja kwa kila jambo.
3. Kuchanganya mtandao na rushwa. Anayekudai fedha au ngono ili akupe kazi anatenda kosa la jinai. Usimfiche kwa kuogopa kukosa nafasi. Toa taarifa TAKUKURU.

Zoezi

1. Kwa kutumia mfano wa mvuvi wa kambamiti, eleza kwa nini mtandao hujengwa kabla ya kuhitajika.
2. Taja watu watano walio katika mtandao wako sasa. Kwa kila mmoja, eleza umemfanyia nini mwaka huu.
3. Mwandikie afisa uvuvi ujumbe usiozidi maneno 40 ukimwomba ushauri kuhusu masomo.