UCHAGUZI WA MTI MDOGO WA MAUA UANI: MAELEZO KWA WAKAZI WA MKOA WA SINGIDA

Mtumishi wa Serikali anayehamishwa kutoka visiwani kwenda Mkoa wa Singida huchukua, pamoja na mizigo yake, mazoea ya bustani ya kwao. Visiwani mvua huja mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na mche uliosahauliwa kwa wiki mbili aghalabu hunusurika. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa sehemu kubwa ya mkoa mvua ya mwaka mzima ni kati ya milimita 500 na 800. Baada ya hapo hufuata miezi sita au zaidi ya ukame na upepo mkali. Hivyo basi, swali la kwanza kwa anayetaka kupanda mti wa maua uani si rangi ya maua, bali ni nani atakayeutilia maji mwezi wa Septemba.

MITI ISIYOFAA KARIBU NA NYUMBA

Mti unaopendwa zaidi ni mkrismasi, wenye asili ya Madagaska, ambao maua yake mekundu hutoka karibu na Desemba. Uzuri wake hauna ubishi. Hata hivyo, matawi yake hutanda kwa upana kupita urefu wake, na mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikinyanyua sakafu, kupasua kuta na kuharibu mabomba. Mti huu unafaa katika viwanja vya shule na ofisi, na upandwe si chini ya mita 10 kutoka kwenye jengo. Mjakaranda nao ni mti mkubwa, usiofaa ua mdogo.

Aidha, wananchi wanatahadharishwa kuhusu miti yenye sumu. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, ina sumu katika majani, maua na matawi yake yote. Waridi la jangwani, linalostahimili ukame kuliko mimea mingi, lina utomvu ambao Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wakiwemo wa Wilaya ya Mkalama, huutumia kupaka mishale ya kuwindia. Mimea ya namna hii isipandwe kabisa penye watoto wadogo au mbuzi.

MITI INAYOPENDEKEZWA

Wa kwanza ni mkomamanga. Hauzidi sana mita 5, maua yake ni mekundu, hustahimili jua kali na chumvi kiasi katika maji, na humpa mwenye nyumba matunda. Huoteshwa kwa vipande vya matawi.

Wa pili ni mhina, ambao watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Maua yake madogo hunukia jioni, majani yake yana matumizi yanayojulikana, na hukubali kukatwa ukawa kama ukuta wa kuzuia vumbi.

Wa tatu ni mbaraka, ambao wataalamu huuita Senna singueana. Huu ni mti wa asili wa nyika za Tanzania, na hutoa maua ya manjano wakati wa kiangazi, mara nyingi ukiwa hauna majani, miti mingine inapokuwa imekauka. Nyuki huyafuata maua hayo. Mwenye maji machache auchague huu kwanza.

WAKATI NA NAMNA YA KUPANDA

Wengi husubiri shughuli za Siku ya Misitu Duniani, tarehe 21 Machi, ndipo wapande. Kwa Singida huko ni kuchelewa, kwani mche hubakiwa na wiki chache tu za mvua. Inashauriwa shimo lenye upana na kina cha sentimita 60 lichimbwe mapema, lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, na mche upandwe mara ardhi inapolowana vizuri mwezi wa Desemba.

Wakati wa kiangazi, chungu cha udongo kisichopakwa rangi kifukiwe kando ya mche hadi shingoni, kijazwe maji na kufunikwa. Maji yatapenya polepole hadi mizizini. Maji ya maziwa Singidani na Kindai yasitumike, kwa kuwa ni ya chumvi. Majani makavu yatandazwe juu ya udongo, lakini yasiguse shina, yasije yakavutia mchwa. Uzio wa miiba uwekwe kuzuia mbuzi.

Miche ya kuanzia iulizwe kwa Afisa Misitu wa Wilaya kabla ya mvua. Wakazi wanaombwa kuzingatia kwamba mti mmoja uliotunzwa ukapita viangazi viwili ni bora kuliko kumi iliyopandwa kwa sherehe na kuachwa ikauke.