INJINI YA DIZELI NA DINAMO KATIKA GARI MOJA

Wakulima huuliza hivi: ikiwa injini ya dizeli yaweza kuzungusha magurudumu yenyewe, kuna faida gani kuifanya izungushe dinamo kwanza, stima ya dinamo izungushe mota, ndipo gari liende?

Swali hilo ni la haki, maana njia hiyo ndefu hupoteza nguvu. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya injini, hufika magurudumuni kama 80 hadi 90 hivi. Giaboksi nzima ya kawaida hufikisha zaidi. Basi mtu asidanganywe kwamba dinamo huongeza nguvu. Haiongezi hata kidogo.

Faida iko mahali pengine. Tazameni mashine ya kusaga mahindi. Injini yake huwekwa mwendo mmoja, ikanguruma sawasawa kutwa, wala hainywi mafuta ovyo. Lori la maziwa sivyo: husimama, huondoka, hupanda mlima kwa gia ya kwanza huku likitoa moshi mweusi. Dinamo na betri zikiwekwa katikati, injini hupata kazi ya utulivu, karibu na ile ya kusaga, na mota ndiyo hubeba taabu ya njiani. Tena mota ya stima huvuta kwa nguvu nyingi tangu gurudumu halijazunguka. Ndiyo sababu vichwa vya treni katika reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, huendeshwa kwa dizeli na dinamo.

Lakini treni hizo hazina betri ya kuendeshea. Kichwa cha namna hiyo kikishuka mlima, mota zake hugeuka kuwa dinamo na kukizuia, na stima inayotoka huishia kuwa joto linalochukuliwa na upepo. Gari la haibridi huiweka katika betri, likaitumia kupandia mlima unaofuata. Hapo ndipo mafuta huokolewa.

Kwa hiyo chama cha ushirika kinachotaka kununua gari kitazame njia yake kabla ya bei. Njia ya kusimama mara kwa mara na yenye miteremko yafaa. Kwa safari ndefu ya lami, gari la dizeli la kawaida latosha, na ni rahisi kulitengeneza. Trekta la kulima ni hivyo hivyo: jembe huvutwa mfululizo, hakuna breki ya kurudisha kitu.

Mafundi nao wajihadhari. Nyaya nene za rangi ya machungwa katika magari haya hubeba volti mia kadhaa, na betri yaweza kuua hata injini ikiwa imezimwa. Asiyefundishwa kazi hiyo asizifungue.