Jedwali la vizuizi vya simu

Jedwali la vizuizi vya simu ni orodha ya tarakimu iliyohifadhiwa ndani ya mtambo wa simu za ofisi. Orodha hiyo huuambia mtambo ni simu zipi za nje ambazo kila ekstensheni inaruhusiwa kupiga na zipi zikataliwe. Hufanya kazi pamoja na jedwali la njia, ambalo huamua simu iliyoruhusiwa ipite kwenye laini ipi.

Mtambo huunganisha ekstensheni za ndani, kwa mfano 201 hadi 240, na laini chache za kampuni ya simu. Anayetaka kupiga nje hubonyeza kwanza tarakimu ya kutokea, mara nyingi 9. Zamani kazi ya kukubali au kukataa ilikuwa ya opereta wa swichibodi, ambaye aliwajua watu kwa sauti zao. Jedwali halimjui mtu; linajua ekstensheni na tarakimu tu.

== Jinsi linavyosomwa ==
Kila ekstensheni hupewa daraja: simu ya mapokezi labda ipige mjini tu, ya mhasibu nchi nzima, ya mkurugenzi hata nchi za nje. Mtu anapopiga, mtambo huondoa tarakimu ya kutokea, kisha hulinganisha tarakimu zinazofuata na mistari ya jedwali la daraja hilo.

Tuchukue ofisi iliyopo Dar es Salaam. Simu za mezani za jiji huanza na 022, za Arusha 027, za mkononi 06 au 07, na za nchi za nje 000. Kwa simu ya mapokezi fundi ameandika mistari miwili: "kataa 0" na "ruhusu 022". Namba ya jijini inalingana na yote miwili. Je, itapita? Katika mitambo mingi itapita, kwa sababu hufuatwa mstari wenye tarakimu nyingi zaidi zinazolingana. Lakini iko mitambo inayosoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana. Humo "kataa 0" ikitangulia hufunga kila kitu, na jedwali lililonakiliwa kutoka mtambo wa aina nyingine huharibika bila neno hata moja kubadilishwa.

Kosa lingine ni kukataa 000 na kudhani nchi za nje zimefungwa zote. Kutoka Tanzania, Kenya hupigiwa kwa kuanza na 005 na Uganda 006, na mara nyingi bili ndiyo hufichua jambo hilo. Ni salama zaidi kukataa yote kwanza, kisha kuruhusu yanayohitajika.

Hata jedwali zuri lina mlango wa nyuma: ekstensheni yenye daraja la juu ikiachwa iweze kuhamishia simu nje, mwizi aliyepiga kutoka mbali anaweza kuitumia, na gharama hulipwa na ofisi.

== Namba za dharura ==
Desemba 2013, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha hoteli mjini Marshall, Texas, Marekani. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne bila kupata msaada, kwa kuwa simu ya hoteli ilidai 9 ya kutokea kwanza. Sheria iliyopewa jina la mama huyo ilitiwa saini mwaka 2018. Inataka mitambo ya namna hiyo iliyouzwa au kufungwa nchini humo baada ya 16 Februari 2020 ipitishe 911 moja kwa moja.

Nchini Tanzania namba ya dharura ni 112. Ofisi ambayo ekstensheni zake huanza na 1 inaweza kuwa na ekstensheni 112, na anayeomba msaada akaitikiwa na mtu wa stoo, au asiitikiwe kabisa. Kwa hiyo namba hiyo haigawiwi kwa ekstensheni yoyote, na mstari wa kuiruhusu, ikiwa na 9 au bila 9, huandikwa katika kila daraja, hata la simu ya kibanda cha mlinzi. Simu hiyo kwa kawaida ndiyo yenye vizuizi vingi kuliko zote, na usiku huenda ikawa ndiyo pekee yenye mtu karibu.