Kilomita ya 109: Ushahidi uliojadiliwa kutoka Kisangani hadi Oslo

Abedi Kasongo alikuwa dereva. Tarehe 5 Mei 2009 alikuwa kazini, akiwaendesha wageni wawili katika barabara inayotoka Kisangani kwenda Bafwasende na kuendelea mpaka Ituri. Kwenye kilomita ya 109 aliuawa kwa risasi, akiwa na umri wa miaka 47. Naanza na yeye kwa sababu katika yote yaliyoandikwa tangu siku ile, yeye ndiye anayepitwa haraka kuliko wote: jina lake, kazi yake, kisha habari inahamia kwa wengine.

Wengine hao ni Tjostolv Moland na Joshua French, raia wa Norwei, na French alikuwa pia na uraia wa Uingereza. Wote wawili walikuwa wamewahi kuwa askari, na kabla ya safari ile walikuwa Uganda wakijishughulisha na biashara ya ulinzi. French alikamatwa Epulu, katika hifadhi ya okapi. Moland alikamatwa siku mbili baadaye, mbele zaidi huko Ituri. Maelezo yao yalikuwa kwamba walivamiwa njiani na watu wenye silaha, wavamizi wakamuua dereva, nao wakaingia msituni kuokoa roho zao. Upande wa mashtaka ulisema hapakuwa na wavamizi wowote: waliomuua Kasongo ni abiria wake mwenyewe.

Tarehe 8 Septemba 2009, mahakama ya kijeshi ya Kisangani iliwahukumu kifo. Desemba mwaka huohuo rufaa yao ilikataliwa. Aprili 2010 Mahakama Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa ilibatilisha hukumu kwa sababu za utaratibu na kuagiza kesi isikilizwe upya. Ikasikilizwa, hapohapo Kisangani, na tarehe 10 Juni 2010 wakahukumiwa kifo kwa mara nyingine.

Mwenendo wa mahakama ni huo. Ila kesi hii iliamuliwa pia redioni, vibarazani, kwenye vituo vya toleka (baiskeli za kubeba abiria) na kwenye magazeti ya Oslo, na mizani iliyotumika huko haikuwa moja.

Tuichukue picha. Miongoni mwa vitu vilivyozungumzwa kuliko vyote ni picha inayomwonyesha Moland akisafisha damu kwenye gari, na usoni kuna kitu kinachofanana kabisa na tabasamu. Ilichapishwa, ikasambaa, na kwa watu wengi kesi iliishia pale. Mwenzako ameuawa kwa risasi, damu yake haijakauka, nawe unacheka mbele ya kamera? Sioni namna ya kumlaumu mtu wa Kisangani aliyeitazama picha ile na kukata shauri papo hapo. Mimi nikiitazama, moyo unakataa kumtetea yule mtu.

Hata hivyo kielelezo huulizwa swali lake: kinathibitisha nini hasa? Picha ile inathibitisha kwamba kulikuwa na damu kwenye gari, kwamba Moland aliifuta, na kwamba mtu mwingine alikuwapo ameshika kamera. Inatia shaka kubwa juu ya hadithi ya watu wanaokimbia kwa hofu, kwa maana anayekimbia hapati muda wa kuosha gari na kupiga picha. Hilo ni jambo zito, na watetezi wao huko Norwei mara nyingi walilipita juujuu. Lakini picha haisemi kidole cha nani kilifyatua bunduki. Hatua ya kutoka kwenye tabasamu hadi kwenye risasi lazima ijazwe na ushahidi mwingine: maiti iliyochunguzwa na daktari, risasi iliyolinganishwa na silaha, mahali pa tukio palipopimwa, mashahidi waliohojiwa kila mmoja peke yake. Hapo ndipo waliokosoa kesi hii walipobana, wakisema uchunguzi wa kitaalamu ulikuwa mdogo mno kubeba uzito wa adhabu ya kifo.

Mtu anayeishi kwa barabara huwa na maswali ambayo mwanasheria wa mjini hayafikirii. Kwa nini hawakwenda kijiji cha karibu kupiga kelele? Kwa nini hawakumtafuta chifu, au askari wa kizuizi cha kwanza, wakasema tumevamiwa, njooni mtuokolee dereva? Njia ile ina vijiji. Upande wa utetezi ulijibu kwa neno hofu: wageni katika msitu wasioujua, baada ya risasi kulia. Jibu hilo linawezekana, na linaweza pia kuwa uongo. Mjadala ulipofika kwenye maswali ya namna hii, ulikuwa mjadala wa ushahidi wa kweli, na mwendesha toleka aliweza kuushiriki sawasawa na profesa wa chuo kikuu.

Kilichouharibu ni mashtaka yaliyopandishwa juu ya mauaji. Wawili hao hawakushtakiwa kwa kumuua Kasongo tu. Walishtakiwa pia kwa kujaribu kuua, kwa wizi wa kutumia silaha, kwa kuunda genge la uhalifu, na kwa ujasusi kwa ajili ya Norwei. Walikutwa na vitambulisho vya kijeshi vya nchi yao. Serikali ya Norwei ilisema kwamba hawakuwa wakiitumikia. Mahakama haikushawishika, na katika hukumu ya Septemba 2009 iliiamuru nchi hiyo kulipa dola milioni 60. Hesabu yake ilieleweka bila kufafanuliwa: dola moja kwa kila Mkongo.

Kwa hesabu hiyo, kifo cha mtu mmoja kikageuka kuwa dhara la taifa zima. Familia moja ilikuwa imefiwa, na ghafla wafiwa wakawa milioni 60. Naamini hapo ndipo ushahidi wa mauaji ulipopoteza mwelekeo. Kitambulisho cha kijeshi kinaweza kuwa na maana katika shtaka la ujasusi. Katika swali la nani alimpiga risasi dereva, hakina maana hata kidogo. Vielelezo vyote vilipotupwa katika kapu moja, kila kimoja kikaazima uzito kwa mwenzake.

Lakini asiyejua historia ya mji huu asikimbilie kuwacheka watu wa Kisangani kwa kuamini habari ya ujasusi. Mji huu umewahi kuona Wazungu wenye bunduki wasiojulikana wametumwa na nani. Julai 1967 askari wa kukodiwa waliasi hapa na Bukavu, na kiongozi wao mmoja, Bob Denard, alijeruhiwa Kisangani. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, nchi mbili za kigeni, yalipigana kwa siku sita katikati ya makazi ya watu, mizinga ikaanguka juu ya nyumba, na mamia ya raia wakafa katika ugomvi usiokuwa wao. Mwaka 2009 makaburi hayo yalikuwa na umri wa miaka tisa tu. Halafu wanakuja vijana wawili, askari wa zamani, wametokea Uganda, wana vitambulisho vya jeshi, na dereva Mkongo anaonekana amekufa. Ungekuwa mkazi wa Makiso au Mangobo hapa mjini mwaka ule, ungewaza nini?

Kumbukumbu hiyo ni ya haki kabisa. Inafaa kuwa sababu ya kuuliza na kuchunguza. Jaji hawezi kuitumia kama ushahidi, kwa kuwa washtakiwa hao walikuwa vijana wadogo tu wakati mabomu ya mwaka 2000 yalipoanguka.

Huko Norwei mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila kwa upande wa pili. Magazeti yalituma waandishi, mawakili walizungumza, vitabu vikaandikwa, na mwaka 2018 ikatoka filamu ya Marius Holst. Swali lililoongoza mengi ya mazungumzo hayo lilikuwa kama mahakama ya Kongo inaweza kuaminika na lini vijana watarudi nyumbani. Kasoro za kesi zilichambuliwa kwa bidii kubwa, na nyingi zilikuwa kasoro za kweli. Lakini kasoro ya mahakama haimfanyi mshtakiwa kuwa mkweli. Mtu anaweza kuhukumiwa vibaya kwa kosa ambalo kweli alilitenda. Kwa hiyo Kisangani ikausoma ushahidi kama habari ya wageni na heshima ya nchi, Oslo ikausoma kama habari ya mahakama za Kongo, na dereva akabaki katikati bila msemaji.

Kuna swali la sheria ambalo halikupata nafasi ya kutosha vibarazani. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 156, inazipa mahakama za kijeshi makosa ya wanajeshi na polisi. French na Moland walikuwa raia. Sheria ya mahakama za kijeshi ya 2002, iliyoitangulia Katiba hiyo, inaruhusu raia kupelekwa huko, kwa mfano anapotumia silaha za kivita, na mlango huo umeendelea kutumika. Wakongo wengi wasiojulikana nje ya mtaa wao wamepitishwa humohumo. Wanorwei wawili walipopita, ulimwengu ukashangaa. Mshangao huo ulichelewa, na uliwahusu watu wawili.

Katiba hiyohiyo inasema vikao vya mahakama viwe vya wazi, isipokuwa uwazi wenyewe ukihatarisha usalama au maadili, na kwamba kila hukumu iandikwe na itolewe sababu. Upelelezi ndio wa siri. Kikao ni cha watu wote. Kwetu mambo yamezoea kwenda kinyume: mtuhumiwa anaonyeshwa mbele ya kamera pamoja na silaha zilizopangwa mezani siku chache tu baada ya kukamatwa, na anapofika mahakamani mtaa umeshamaliza kazi ya jaji. Mwaka 2017 serikali ilionyesha waandishi wa habari video ya kuuawa kwa wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Zaida Catalán na Michael Sharp, waliouawa Kasai tarehe 12 Machi. Hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Kananga ilikuja Januari 2022, karibu miaka mitano baadaye, na adhabu za kifo 51. Wengi waliona video. Wachache wanaweza kueleza ni nini kilithibitishwa dhidi ya yupi kati ya hao 51.

Kesi ya Wanorwei nayo ilizaa kesi nyingine. Walihamishiwa Kinshasa, katika gereza la kijeshi la Ndolo, na tarehe 18 Agosti 2013 Moland alikutwa amekufa selini. French akashtakiwa kwa kumuua mwenzake. Safari hii wapelelezi wa polisi wa Norwei walifika Kinshasa, na wao walihitimisha kwamba Moland alijiua. Februari 2014 mahakama ya kijeshi ilimwona French ana hatia na kumpa kifungo cha maisha. Kifo kimoja, pande mbili, majibu mawili. Yaliyokosekana kilomita ya 109, yaani wataalamu wa kutosha waliofika mapema, safari hii yalipatikana kwa kiasi fulani, na bado hayakuziunganisha pande hizo.

French aliachiliwa tarehe 17 Mei 2017 kwa sababu za kibinadamu. Hakuna mahakama iliyomsafisha. Ilikuwa huruma ya dola. Kwa mtu mgonjwa aliyekaa gerezani miaka minane, naiona huruma hiyo ilistahili. Kwa upande wa Kasongo, iliacha kila kitu palepale.

Adhabu ya kifo yenyewe imerudi mezani. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikitamkwa bila kutekelezwa, lakini Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kuitekeleza. Septemba mwaka huo, mahakama ya kijeshi iliyokaa Ndolo iliwahukumu kifo watu 37 kwa jaribio la mapinduzi la Mei, wakiwemo Wamarekani watatu. Aprili 2025 adhabu za Wamarekani hao zilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha na wakarudishwa kwao. Wakongo waliosimama nao kizimbani hawana balozi wa kuwapigia simu rais. Kesi zao hazitaigizwa kwenye filamu. Kama kuna watu wanaohitaji mtaa mzima uulize kila kielelezo kinathibitisha nini, na uulize leo kabla hukumu haijatekelezwa, ni hao.