Namna ya Kupeleka Maneno ya Mtu kwa Kiingereza

Leo tunataka kuwaeleza jambo moja linalotusumbua sana katika somo la Kiingereza: mtu amesema maneno kwa kinywa chake, nasi tunatakiwa kuyapeleka kwa wengine.

Tuanze na habari ya kwaya. Siku ya Ijumaa mgeni mmoja alikutana na mwenzetu kule Kadutu, akamwambia: "I will wait for you here tomorrow." Mwenzetu akaandika vile vile kwenye karatasi, akaibandika mlangoni hapa shuleni, bila tarehe. Sisi wanakwaya tuliisoma Jumamosi asubuhi. Basi, "tomorrow" tukaona ni Jumapili, na "here" tukaona ni hapa hapa. Mgeni alitungoja Kadutu Jumamosi mpaka akachoka. Jumapili sisi nasi tukamngoja shuleni, sare mwilini. Aibu gani hii!

Ilifaa aandike: "The visitor said that he would wait for us there the next day." Hiyo iko sawa kwa mtihani. Kwa karatasi ya mlangoni, afazali kutaja siku na mahali wazi.

Angalieni sasa. "I" imekuwa "he", "you" imekuwa "us", "here" imekuwa "there". Hayo si magumu, kwa maana hata kwa Kiswahili tunafanya vile. Shida iko kwenye "will" iliyogeuka "would". Kwa Kiswahili tunasema "Mgeni alisema kwamba atatungoja", na kitendo kinabaki katika wakati ujao. Njo maana wengi wetu tunaandika "He said that he will wait", na kalamu nyekundu inapita pale. Lakini sisi wa Bukavu tuko na msaada: Kifaransa tunachosomea kila siku. "Il a dit qu'il nous attendrait." Nacho kinarudisha kitendo nyuma, sawasawa na Kiingereza. Vivyo hivyo "is" inakuwa "was", "can" inakuwa "could", "saw" inakuwa "had seen". Ukikwama, pitia Kifaransa kwanza.

Ila msikifuate mpaka mwisho! "Il m'a dit" na "aliniambia" zote mbili zinatuvuta kuandika "He said me". Kiingereza kinakataa. Ni "He told me", ao "He said to me".

Kama kitendo cha kwanza ni cha sasa, "He says", hakuna kurudi nyuma. Na jambo lililo kweli siku zote linaweza kubaki lilivyo: "The teacher said that the Ruzizi flows out of Lake Kivu." Mto haujaacha kutoka ziwani.

Maulizo nayo: "Where do you live?" inakuwa "She asked me where I lived." Ile "do" inaondoka, na alama ya kuuliza pia. Pasipo neno kama "where" ao "when", tunatia "if": "She asked me if I sang." Amri ni rahisi kuliko zote: "Don't be late" inakuwa "He told us not to be late."

Zoezi. Jumapili jioni, pale pale Kadutu, mgeni alimwambia mwenzetu: "I waited for you here yesterday. Why did you not come?" Tupelekeeni maneno hayo.